Kibarua wa Teresia

Chini ya Gachoka, kule ambako lami hukuacha ukaanza kula vumbi, alikuwako kibarua aliyewatia wivu wanawake wa kijiji kizima. Alikuwa wa Teresia. Alilima bila kusukumwa, alichimba matuta, alikama mbuzi, aliezeka choo, na hakuna aliyewahi kumsikia akidai mshahara. Mwanamke akipita njiani na kumwona ameinama shambani kwenye jua la saa saba, alisema moyoni kwamba kuna watu wana bahati zao. Halafu alicheka, kwa sababu pale kijijini hapakuwa na mtu asiyejua kwamba kibarua huyo anaitwa Nyamu, na kwamba ndiye aliyemzaa Karimi, binti wa pekee wa Teresia, aliyefanana naye hadi magoti.

Asiyejua ilikuwa ni serikali tu. Ama tuseme hivyo kwa sasa.

Nyamu hakuzaliwa kibarua. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye maneno mengi kuhusu mbuzi na machache kuhusu mambo mengine yote. Alimchukua Teresia wakiwa vijana, wakajenga nyumba ya mabati, wakampata Karimi. Kisha mvua ikagoma, msimu kwa msimu, na ndengu zikawa zinafia shambani kabla hazijatoa ua. Nyamu akafunga mfuko wake akaenda Muthara, kule Tigania, kuchuma miraa ya watu. Wenzake walimcheka hadi wakachoka. Mtu wa Mbeere, ambako muguka, ndugu yake miraa, unaota hadi nyuma ya choo, anatoka kwao kwenda kuwachumia Wameru miraa! Nyamu aliwajibu kwamba miraa inalipa. Huenda ililipa kweli, lakini haikumlipa yeye. Pesa alizotuma nyumbani zilikuwa kidogo, zikachelewa, zikapungua, zikakoma. Simu yake ikaibiwa, na alipopata nyingine aliona aibu kuitumia. Mtu anampigia mkewe amwambie nini, kwamba hana kitu?

Miaka ikapita hivyo. Teresia akamlea Karimi peke yake, akauza kunde, akafua nguo za walimu, akanyamaza. Ndipo ukaja ule mpango wa serikali ambao watu waliuita Simama Mama. Ulikuwa wa akina mama wa familia maskini wanaolea watoto bila mume, na Teresia akaandikishwa bila kusema uongo hata kidogo. Kila mwezi simu yake ililia kwa pesa kidogo. Akaletewa tangi la maji, jeusi, kubwa kuliko jikoni kwake. Akaletewa na mbuzi wawili wa maziwa. Kwa mara ya kwanza tangu mumewe aondoke, Teresia alinunua sukari bila kuwaza kwanza.

Na siku ambayo Nyamu aliamua kurudi nyumbani, ndiyo siku hiyo hiyo ambayo Veronicah alikuwa amekuja kukagua.

Veronicah alikuwa afisa wa ule mpango, msichana mpole kutoka mjini Embu, aliyefika kwa pikipiki bila kutoa taarifa na kuuliza maswali yake kutoka kwenye simu pana kama sahani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya tangi. Teresia alikuwa akimjibu. Nyamu akatokea langoni amevaa kofia yake ya manyoya, ile ya kahawia yenye ukingo mpana, aliyoinunua mjini Maua siku aliyolipwa vizuri. Teresia aliiona kofia kabla ya kumwona mwenyewe.

"Na huyu mzee?" Veronicah akauliza.

"Huyu ni kibarua," Teresia akasema. "Amekuja kulima. Tena amechelewa."

Njia nzima kutoka Muthara Nyamu alikuwa amepanga maneno ya kuomba msamaha. Yalikuwa maneno mazuri, aliyarudia hadi yakamtoa machozi yeye mwenyewe. Sasa akafungua mdomo, na kabla halijatoka hata moja Teresia alikuwa amemwekea jembe mkononi na kumvua kofia kichwani.

"Kibarua gani anavaa kofia kama ya chifu?" akamnong'oneza. "Enda kule chini, lima!"

Nyamu akaenda kule chini akalima. Hakujua analima kwa ajili ya nini, maana haukuwa msimu wa kupanda, lakini alilima hadi sauti ya pikipiki ilipopotelea upande wa barabara kuu. Alipopanda juu, ana malengelenge na hasira, alimkuta Teresia amekaa kwenye kigoda kile kile.

"Mama Karimi, mimi ni kibarua?"

"Wewe ni nani basi?"

"Mimi si ni bwana yako?"

"Bwana!" Teresia akasema. "Madam ameniuliza, mama, umeolewa? Nimesema sijaolewa. Nimedanganya wapi? Mbuzi yangu ya ngurario ilichinjwa lini? Niambie tu siku, nikumbuke vile nyama ilikuwa tamu."

Nyamu aliyatazama malengelenge yake. Kwa desturi ya kwao, mwanamume hata akikaa na mwanamke miaka na miaka, hata wakizaa nyumba ikajaa, mpaka alete mbuzi wa ngurario, wazee waketi, na yeye na mwanamke wakate bega la mbuzi huyo pamoja mbele ya watu, mwanamke huyo bado ni binti wa kwa baba yake. Nyamu alikuwa amepeleka vitu vya kwanza kwa akina Teresia, asali na blanketi za wazee, akaahidi mbuzi baada ya mavuno. Mavuno hayakuja. Kwa hiyo Teresia alipomwambia afisa wa serikali kwamba hajaolewa, alisema kwa moyo mweupe kabisa, na angeweza kulirudia neno hilo kanisani ameshika Biblia.

"Hiyo pesa ndiyo ilinifanya nisikutukane leo," akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Ilinilisha na wewe ukiwa huko. Sasa umerudi na kofia. Kaa, kula, lima. Lakini Madam akikuja, wewe ni kibarua."

Hivyo ndivyo Nyamu alivyoajiriwa.

Kofia ilifichwa ghalani, nyuma ya magunia ya mtama. Nyamu akapewa kitanda kwenye kibanda kilichopakana na zizi la mbuzi, ili Veronicah akichungulia aone kwamba kibarua ana mahali pake. Langoni hakupita. Alikuwa na njia yake ya nyuma, kupitia kwenye pengo la ua wa minyaa, kama vibarua wengine. Na Teresia, mtu wa tahadhari, aliacha kumwita Baba Karimi hata wakiwa wawili tu, asije akazoea ulimi ukamponyoka siku mbaya. Alimwita "wewe." "Wewe, chakula." "Wewe, mbuzi wameingia kwa kunde." Akihisi kuna mtu anapita njiani, aliongeza sauti: "Wewe kibarua, nakulipa ukae?"

Sasa cheka, kwa sababu Nyamu mwenyewe baadaye alicheka. Alipokuwa mume wa nyumba ile, zamani, kazi yake kubwa ilikuwa kukaa. Alikaa kwenye kiti akitazama shamba, akaenda Gachoka kuwatazama wengine waliokuwa wamekaa, akarudi kukaa tena. Lakini kibarua hawezi kukaa. Pikipiki yoyote ikiunguruma, hata ya muuza mkate, Nyamu alishika jembe. Siku nyingine Veronicah alipitia kwa majirani tu, na Nyamu akalima asubuhi nzima bila kutazamwa na mtu. Matuta yakachimbwa. Maji ya mvua ndogo yakaacha kukimbia. Ndengu zikatoa maua, mbuzi wakazaa, na kwa sababu ya hofu ya msichana mmoja wa simu pana, boma la Teresia likawa boma.

Wala hakuwa peke yake. Mpango ule ulipoingia kijijini, wanaume walianza kupungua kwa namna ya kushangaza. Mmoja alihamia kwa mama yake, ng'ambo ya kijito, akawa anakuja "kuwasalimia watoto" kila jioni na kuondoka alfajiri. Mwingine aligeuka binamu. Ruguru, jirani wa Teresia na mwenyekiti wa kamati ya mpango pale kijijini, mwanamke wa sauti kubwa na sala ndefu, alikuwa na mlinzi wa usiku aitwaye Salesio. Mali yenyewe ya kulindwa ilikuwa kuku na redio, lakini Salesio aliilinda kwa bidii hata Ruguru akajifungua mapacha. Serikali ilitaka kuwasaidia akina mama wasio na waume, ikafaulu kuwaongeza.

Nyamu alivumilia yote. Kitu kimoja tu hakukivumilia, nacho hakukisema kwa mtu. Katika mfuko ule aliotoka nao Muthara kulikuwa na pesa kidogo, za mwisho, ambazo alikuwa amekusudia kumpa Teresia mkononi baada ya yale maneno mazuri. Maneno hayakusemwa, na pesa nazo hazikutolewa. Wiki iliyofuata alizinunulia kinda la beberu, jeusi lenye baka jeupe kwenye paji la uso. Alilifunga peke yake, akalilisha majani ya mgunga na maganda ya ndengu, akalisugua kama gari. Likanenepa, likaota pembe, likanuka hadi njiani. Wachinjaji wa Gachoka walikuja kubisha bei mmoja baada ya mwingine.

"Huyu hauzwi," Nyamu alisema.

Teresia alimtazama beberu yule kwa jicho baya. Alijua mwanamume anayefuga mnyama asiyetaka kumuuza anapanga nini. Anaweka nauli. Siku moja ataamka, amuuze, arudi Muthara, na safari hii asirudi. Hakumuuliza. Aliogopa kujibiwa.

Mambo yalikuwa hivyo Karimi alipopiga simu kutoka Embu, alikokuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo, kusema kwamba amepata mchumba. Kijana alikuwa wa Karurumo, upande wa Runyenjes, kwenye majani chai na baridi. Babake, Mzee Gachoki, alitaka kuja kujua nyumbani kwao msichana kabla ya maneno ya ruracio, yaani mahari, kuanza.

"Baba, utakuwa hapo?" Karimi akauliza.

"Nitakuwa," Nyamu akajibu, na hakusema atakuwa kama nani.

Maana habari ilikuwa imeshamfikia Ishmael, kakake Teresia, mwenye duka la misumari na mabati pale Gachoka. Ishmael alikuja siku hiyo hiyo, amenyoa ndevu kabisa. Alieleza kwa upole wa mtu aliye upande wa desturi kwamba dada yake hajachinjiwa ngurario, kwa hiyo yeye na bintiye ni wa kwao, kwa hiyo wakwe watapokewa na yeye Ishmael, na ruracio ya Karimi itakwenda kwa yeye Ishmael. Mtu ambaye hakumaliza mahari ya mke hawezi kula ya binti. Si yeye aliyesema, wazee ndio walisema, tangu zamani.

Ishmael alipoondoka, Nyamu alimfuata Teresia zizini, ambako alikuwa akikama.

"Tufanye ngurario," akasema.

"Na nini?"

"Wewe kubali tu kwanza."

Teresia aliendelea kukama. "Ngurario haifanywi kwa kujificha. Watu wote watakula, watapiga picha. Ruguru ni mwenyekiti, atakaa hapo akule, halafu kesho aseme hakuona? Pesa itakatwa. Na huu mwaka mvua unaiona wewe?"

"Kwa hivyo mtoto wangu aolewe nikiwa kibarua?"

"Tungoje mvua," Teresia akasema, bila kumtazama.

Nyamu alirudi kwenye kibanda chake. Aliumia. Hakuumia kwa ajili ya mali, mbuzi wa ruracio wangeliwa na wazee tu hata hivyo. Aliumia kwa sababu alijua kiti kitawekwa katikati ya nyumba, kiti cha baba, na yeye ndiye atakayekipanguza vumbi ili Ishmael akikalie.

Na ndivyo ilivyokuwa. Wakwe walifika Jumamosi kwa gari la kukodi, wazee wa makoti mazito ya Karurumo wakitokwa jasho katika joto la Mbeere, na akina mama wamebeba sukari, unga na mikate. Ishmael alikalia kiti. Ruguru alikaa karibu na sufuria, mahali pa mwenyekiti. Nyamu, kichwa wazi, alizunguka na jagi la maji vuguvugu na beseni, akiwaosha wageni mikono. Alipofika kwa Mzee Gachoki, mzee mfupi mwenye macho ya uchangamfu, aliinama vizuri na kummiminia. Karimi, aliyekuwa akileta sahani, aliona. Aliziweka sahani chini, akatoka nje, na hakurudi kwa muda.

Mzee Gachoki alikausha mikono polepole. Tangu ashuke garini alikuwa amelitazama shamba.

"Hayo matuta," akasema, "ni nani amechimba?"

"Kibarua," Ishmael akajibu. "Huyo huyo."

"Na hao mbuzi?"

"Huyo huyo."

"Wewe," Mzee Gachoki akamgeukia Nyamu, "unaitwa nani?"

"Nyamu."

"Hapa unalipwa vizuri?"

Nyamu alitazama mlango wa jikoni. "Nalipwa chakula."

Wageni walicheka sana, na mama mmoja akasema huyo ni kibarua wa kupiga picha. Mzee Gachoki hakucheka. Alijongea mbele ya kochi. "Njoo kwangu Karurumo. Nina majani chai, nina ng'ombe, na vijana wa siku hizi wanafanya kazi na simu sikioni. Nitakupa nyumba ya mbao. Nitakupa mshahara. Jumapili ni yako."

"Mchukue, mzee!" Ishmael akasema, akipunga mkono kama aliyekuwa akigawa vya kwake. "Vibarua hawakosi. Sisi tutatafuta mwingine."

Nyamu alisimama na jagi lake. Hapo ndipo mtu angetarajia acheke, au akasirike. Lakini alikuwa anawaza. Aliwaza kwamba huko Karurumo angekuwa karibu na Karimi. Aliwaza kwamba kuitwa kibarua na mtu aliyekuajiri hakuumi. Kunaumiza kuitwa hivyo na mtu unayempenda.

"Naweza anza lini?" akauliza.

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka. Teresia alitokea mlangoni ameshika mwiko wenye mchuzi, na mchuzi ukadondoka kwenye sakafu aliyoisugua tangu alfajiri.

"Haendi," akasema.

"Mama, tutakulipa wewe kitu kidogo cha kumwachilia," Mzee Gachoki akasema kwa adabu.

"Nimesema haendi. Haandikwi na mtu. Huyo ni bwana yangu. Huyo ndiye baba ya Karimi."

 Ruguru, aliyekuwa na kipande cha nyama kati ya sahani na mdomo, aliamua kukirudisha kwenye sahani. Mzee Gachoki aliitazama mikono yake miwili, ambayo bado ilikuwa na unyevu, kama vile ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nimeoshwa mikono na baba ya msichana?" akasema taratibu. "Mimi? Hii nitaelezea nani kwetu?" Akamgeukia Ishmael, na uchangamfu wote umemtoka machoni. "Na wewe uliyekaa hapo, wewe ni nani?"

Ishmael alieleza. Aliieleza desturi kwa urefu, akaanza na mababu. Mzee Gachoki alisikiliza hadi mwisho, kwa sababu naye alikuwa mtu wa desturi, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hapo amesema ukweli," akamwambia Nyamu. "Mimi siwezi leta mbuzi zangu kwa mtu ambaye hajatoa yake. Mbuzi yako iko wapi?"

Nyamu aliweka jagi chini, akatoka nje.

Muda ukapita. Wageni walitazamana. Teresia alisimama pale pale na mwiko wake, na moyo wake ukawa unamwambia, umeona, amekwenda, umemwaibisha mbele ya watu naye amekwenda, na pesa umepoteza, na mume umepoteza, yote kwa siku moja. Kisha kukasikika purukushani mlangoni, na beberu mweusi mwenye baka jeupe akaingia sebuleni akivutwa pembe, amekataa katakata, harufu yake imemtangulia. Alipofika katikati ya nyumba alisimama, akawatazama wazee wa Karurumo, akaanza kula kitambaa cha meza.

"Ndiyo hii," Nyamu akasema, anahema. "Nimeifuga tangu nirudi. Nilikuwa nangoja mtu akubali."

Teresia alifunika uso kwa leso. Watu walidhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini alikuwa pia anacheka, kwa sababu kwa muda wote ule alikuwa amemwonea wivu na kumchukia mnyama ambaye alikuwa wake.

Wakwe waliacha sukari wakaondoka, wakiahidi kurudi kiti kikipata mwenyewe. Ngurario ikafanywa kabla mwezi haujaisha. Nyamu na Teresia walishika kisu pamoja wakakata bega mbele ya wazee, akina mama wakapiga vigelegele, Karimi akapiga picha zikafika hadi Nairobi kabla nyama haijaiva. Ishmael alipewa sehemu yake kama shemeji, akala kuliko wote. Kofia ilitolewa ghalani. Panya walikuwa wameutafuna ukingo upande mmoja, lakini Nyamu aliivaa hivyo hivyo, upande mzima ukiwa mbele.

Halafu pikipiki ikaja.

Nyamu alikuwa amekaa nje akinywa uji. Aliposikia mlio, mkono wake wenyewe ulikwenda kwenye jembe. Akauzuia. Akakaa. Kukaa siku hiyo kulimchosha kuliko matuta yote aliyowahi kuchimba. Veronicah alipita langoni, akamsalimia, akaketi kando ya tangi, akafungua simu yake pana.

"Madam, kabla hujauliza," Teresia akasema, "andika nimeolewa."

"Na nani?"

"Na huyo."

"Si huyo ni kibarua?"

"Amepanda cheo."

Veronicah alicheka hadi akashika simu kwa mikono miwili isianguke. Kisha kicheko kikaisha, akamtazama Teresia kwa huzuni. "Mama Karimi, mimi nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mara ya pili nimekuja. Kibarua wa kweli akiona mtu wa ofisi anawacha kazi ndio asikie habari. Huyu wako akiniona tu, analima ni kama amechomwa."

Nyamu alitazama ndani ya kikombe cha uji.

"Mbona hukuandika?" Teresia akauliza.

"Hii kitu inaniuliza kama kuna bwana. Haijawahi niuliza kama kuna kibarua. Na nikianza kuandika vibarua na walinzi wa hii kijiji, si nitabaki na mbuzi peke yake?" Akainua kidole juu ya kioo cha simu, akakiacha hapo. "Lakini sasa wewe umeniambia na mdomo yako. Nikibonyeza hapa, pesa inakoma mwezi huu. Hakuna kurudi. Tangi na mbuzi watakuachia. Mama, nibonyeze?"

Upande wa mashariki hapakuwa na wingu hata moja. Teresia alitazama huko, akalitazama tangi, kisha akamtazama Nyamu. Nyamu alikuwa ameshika magoti yake. Alitamani aseme abonyeze, alitamani pia aseme asibonyeze, na akaona kwamba hana haki ya kusema lolote kati ya hayo. Pesa zile ndizo zilizomlisha mtoto wake wakati yeye hakuweza.

"Bonyeza," Teresia akasema.

Veronicah akabonyeza. Alikataa chai, akasema ana haraka, lakini langoni aligeuka akamwambia Nyamu kwamba kofia inampendeza.

Mvua ya msimu ule ilikuja ikanyesha kidogo, ikaondoka. Simu ya Teresia haikulia tena mwisho wa mwezi. Sukari ikarudi kuwa kitu cha kuwaziwa. Nyamu hakurudi Muthara. Alipata kazi kwenye mashamba ya umwagiliaji huko chini karibu na mto, kuchuma maharagwe ya watu, akawa anatoka alfajiri na kurudi jua likishuka, mgongo umemkaza. Wenzake walimcheka tena. Walisema huyu ni mtu wa ajabu, ameoa rasmi ndipo akawa kibarua wa kweli. Ruguru hakucheka. Alimvizia jioni moja penye pengo la ua, akamuuliza kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyejua anayo, beberu kama yule mtu angeweza kumpata wapi, maana mlinzi wake ameanza kuuliza.

Nyamu akamwelekeza. Kisha, badala ya kuingia kwa lile pengo, akazunguka hadi langoni, kofia kichwani, akaingia kwa mbele. Teresia alikuwa mlangoni akipepeta kunde. Njiani watu walikuwa wakirudi kutoka sokoni.

"Baba Karimi," akasema, "ingia ndani, chakula kinapoa."

Nyamu alisimama pale uani. Alikuwa amesikia vizuri sana.

"Umesemaje?" akauliza. "Hii sikio yangu siku hizi haisikii."

Teresia hakuwa mwanamke wa kurudia maneno. Aliweka ungo chini, akavuta pumzi, na akarudia kwa sauti iliyofika hadi kwa Ruguru.